Fizi zinatoka damu: je, ni vidonge vya chuma?

Mama mjamzito, ukiona damu unapopiga mswaki, usiache vidonge vya madini ya chuma. Mimba yenyewe hufanya fizi zivimbe na kutoka damu kwa urahisi. Kidonge cha kila siku chenye miligramu 30 hadi 60 za chuma hukukinga na upungufu wa damu. Hakiharibu fizi.

Chuma kikizidi mwilini ni jambo lingine. Mwili hauna njia ya kukitoa, hivyo hujilimbikiza kwenye ini na moyo. Hutokea hasa kwa wagonjwa wa selimundu walioongezewa damu mara nyingi. Vijidudu vya fizi navyo huhitaji chuma, na hukipata katika damu ya fizi zilizovimba. Kwa hiyo fizi chafu hazifai kuachwa.

Sababu nyingine ni kiseyeye, yaani kukosa vitamini C. Kiliwapata wakimbizi wa Kakuma, Kenya, mwaka 2017 na 2018.

Ufanye nini?

- Piga mswaki mara mbili kwa siku, hata kwa mswaki wa mti. Usiogope damu.
- Kula papai, embe au ndimu zinapopatikana.
- Ficha vidonge mbali na watoto. Mtoto akimeza vingi anaweza kufa.
- Damu isipokoma, nenda kituo cha afya. Kama kadi yako ilipotea ulipokimbia Palma au Mocímboa da Praia, mweleze mhudumu umeongezewa damu mara ngapi.