Istilahi za Kuielezea Sarafu Iliyosagika

Miongoni mwa matini zinazowatatiza wafasiri ni zile za majumba ya makumbusho zihusuzo sarafu za kale. Katika makala haya tunakusudia kufafanua istilahi chache kwa mfano wa sarafu zilizopigwa katika majimbo ya Dola ya Kirumi.

Kwanza, yafaa kutenganisha dhana tatu ambazo huchanganywa katika neno moja "uchakavu". Sarafu iliyosagika imelika kwa kupita mikononi mwa watu. Iliyoliwa na kutu imeharibiwa ardhini. Iliyopigwa hafifu haikupata alama kamili tangu mwanzo. Aidha, tabaka la kijani au la hudhurungi juu ya shaba twapendekeza liitwe utando. Mfasiri akiliita "uchafu", msomaji ataisugua sarafu, na alama zilizohifadhiwa humo zitapotea daima.

Pili, upande wenye kichwa cha mtawala tunauita uso, na upande wa pili mgongo. Maneno yauzungukayo ukingo ni maandishi ya ukingoni. Katika majimbo ya mashariki maandishi hayo kwa kawaida yalikuwa ya Kigiriki.

Mtambuzi hupima kwanza uzito na kipenyo, kisha huimulika sarafu kutoka ubavuni ili vivuli vidhihirishe michoro iliyofifia. Maandishi yakifutika, huenda picha ya mgongoni ikasaidia: sanamu ya Artemi huelekeza Efeso, na mlima Argaeus huelekeza Kaisaria ya Kapadokia.

Sarafu za Iskanderia zina mtego wake. Mfasiri aonapo LIB aweza kudhani ni ufupisho wa neno la Kilatini lenye maana ya uhuru. Sivyo. Alama yenye umbo la L husimama badala ya neno "mwaka", na herufi zifuatazo ni tarakimu za Kigiriki: I ni 10, B ni 2. Huo ni mwaka wa 12 wa utawala. Ikiwa usoni ni Nero, basi ni mwaka 65/66 baada ya Kristo, kwa kuwa mwaka wa Misri ulianza mwishoni mwa Agosti.

Mwisho, herufi zilizofutika na kurudishwa kwa hoja ziwekwe katika mabano ya mraba, na mfasiri asiyaondoe. Mabano hayo ndiyo yanayomwonyesha msomaji kilichoonekana kwa macho na kilichokisiwa.