Kabla Sindano Haijagusa Ngozi Yako

Ngozi ya binadamu hujivua kila siku. Tabaka lake la juu huzalisha seli mpya kwa chini na kupukutisha zilizokufa kwa juu, na katika muda wa mwezi hivi tabaka lote huwa limebadilika. Ndiyo maana hina ya bibi harusi hufifia baada ya wiki mbili au tatu: imekaa kwenye seli ambazo zingeanguka kwa vyovyote. Tatuu haifutiki kwa sababu sindano hulipita tabaka hilo na kuuacha wino kwenye kina cha milimita 1 hadi 2, mahali penye mishipa ya damu, neva na tezi za jasho.

Mwili haujui kwamba umechorwa ua au jina la mama yako. Unachojua ni kuwa umetobolewa mara maelfu na kuingizwa kitu kigeni, kwa hiyo hutuma askari wake, seli zinazoitwa makrofaji, ambazo kazi yake ni kumeza vijidudu na takataka. Seli hizo humeza chembe za wino, zikashindwa kuzisaga, zikabaki nazo. Mwaka 2018 watafiti wa Marseille, Ufaransa, walionyesha kwa majaribio ya panya kwamba makrofaji iliyobeba wino ikifa, wino humwagika palepale na kumezwa na makrofaji nyingine inayoshika nafasi yake. Kwa hiyo mchoro unaoonekana umetulia kwa miaka 30 huenda umekuwa ukipokezanwa na seli hai muda wote huo.

Na si wino wote unaobaki pale ulipochomwa. Sehemu yake husafirishwa hadi kwenye tezi za limfu, zile za kwapani, shingoni na kinenani ambazo huvimba tunapougua. Mwaka 2017 wanasayansi wa Ujerumani na wenzao wa Grenoble, Ufaransa, walichunguza tezi za watu waliofariki wakiwa na tatuu, wakakuta humo chembe ndogo mno za rangi. Madhara yake ya muda mrefu bado yanachunguzwa. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, walichapisha utafiti uliohusisha watu wapatao 11,900. Wenye tatuu walionekana kuwa na uwezekano wa kupata saratani ya mfumo wa limfu uliozidi wa wengine kwa asilimia 21, ingawa watafiti wenyewe walisisitiza kwamba hilo halithibitishi kuwa tatuu ndiyo chanzo. Saratani hiyo ni adimu, kwa hiyo nyongeza hiyo ni ya juu ya hatari ambayo tangu mwanzo ni ndogo.

Siandiki haya ili kumkataza mtu. Kuchora mwili ni jambo la kale sana: maiti iliyohifadhiwa na barafu, iliyopatikana mwaka 1991 kwenye milima ya Alpi, ina umri wa miaka ipatayo 5,300 na alama 61 za wino. Hapa kwetu Wamakonde wa Mtwara na Msumbiji walichanja nyuso zao na kupaka masizi ndani ya chale. Wapo pia ambao dini zao zimeshawaamulia, na uamuzi huo ni wao. Ninayezungumza naye ni yule aliyekwisha kuamua, anayetaka mchoro wa kubuniwa kwa ajili yake peke yake, na ambaye mara nyingi hushughulikia picha kwa miezi lakini hamwulizi fundi swali hata moja kuhusu ngozi.

Swali la kwanza ni la rangi. Melanini, inayoipa ngozi yetu weusi wake, imo zaidi kwenye tabaka la juu, na wino umo chini yake. Kila rangi ya tatuu unaitazama kupitia melanini. Kwa hiyo manjano, waridi hafifu na nyeupe, zinazong'aa kwenye picha za mtandaoni za watu wa ngozi nyeupe, kwenye ngozi nyeusi hupotea au hugeuka kuwa kama alama ya kuungua. Nyeusi hukaa vizuri, na nyekundu iliyokoza na buluu nzito huweza kuonekana, ikitegemea weusi wa mtu. Fundi anayeijua kazi yake atakujaribia nukta chache za rangi mahali pa siri na kukuambia urudi baada ya wiki kadhaa, kidonda kikishapona, ndipo mwamue. Mwambie pia akuonyeshe picha za kazi zake zilizopona kwenye ngozi kama yako. Picha ya siku ileile, ngozi ikiwa bado imevimba na kung'aa, haisemi lolote kuhusu mchoro utakavyokuwa mwakani.

Mistari nayo hunenepa. Chembe za wino husogea kidogo mwaka hadi mwaka, na herufi zilizobanana zinaweza kugusana hadi zisisomeke. Fundi akikuambia mchoro uongezwe ukubwa, si lazima awe anatafuta pesa; huenda anaziachia herufi nafasi ya kuzeeka. Lipa arubuni kwa kazi ya kubuni, kaa naye, rekebisheni, na karatasi ya stensili ikibandikwa mwilini simama mbele ya kioo usome kila herufi ya jina kabla mashine haijawashwa. Mwombe mtu mwingine naye asome.

Sasa niingie kwenye jambo ninaloliona kubwa kuliko yote kwa wasomaji wa gazeti hili: keloidi. Jeraha la kawaida likipona, mwili huacha kutengeneza nyuzi za kolajeni pengo linapoziba. Kwa baadhi ya watu amri ya kuacha haifiki. Kovu huendelea kukua, huinuka, huwa gumu na linalong'aa, huwasha au kuuma, na huvuka mipaka ya jeraha lenyewe. Watu wenye ngozi nyeusi hupatwa nalo zaidi kuliko weupe, mara nyingi kati ya umri wa miaka 10 na 30, ambao ndio umri wa watu wengi wanaokwenda kuchora. Hurithiwa katika familia. Sehemu ambapo hupenda kuota ni kifua, mabega, mgongo wa juu, taya na ndewe za masikio, na kifua na mabega ndipo vijana wengi wanapopenda kuweka mchoro mkubwa.

Jichunguze. Tazama alama yako ya chanjo ya BCG, mahali ulipotogwa sikio, kovu la upasuaji au la chunusi za kifuani. Waulize mama, shangazi na kaka zako kama wana kovu lililoota. Ukiona dalili hiyo, ushauri wangu ni kwamba usichore kabisa, na fundi anayekuambia ana mkono mwepesi usimsikilize, maana tatizo liko kwenye ngozi yako. Keloidi inaweza kujitokeza miezi kadhaa baada ya jeraha kufunga, wakati fundi ameshakusahau. Kuikata bila tiba nyingine mara nyingi huirudisha ikiwa kubwa zaidi. Sindano za dawa za kuisinyaza hupigwa kwa miezi, zinauma, na hazimfai kila mtu.

Wino nao una historia yake. Kwa muda mrefu nchi nyingi hazikuwa na sheria ya kilichomo ndani ya chupa, na baadhi ya rangi zilizotumika zilitengenezwa awali kwa ajili ya rangi za magari na plastiki. Januari 2022 Umoja wa Ulaya ulianza kuzuia zaidi ya kemikali 4,000 kwenye wino wa tatuu, na mwaka uliofuata ukafika muda wa kuziondoa rangi mbili mashuhuri, moja ya buluu na moja ya kijani. Nyekundu ndiyo inayolalamikiwa zaidi na madaktari wa ngozi: husababisha mzio wa uvimbe na muwasho unaofuata mistari ya rangi hiyo peke yake, wakati mwingine miaka kadhaa baada ya kuchorwa.

Chupa iliyofungwa vizuri nayo haikuhakikishii usafi. Mwishoni mwa 2011, huko Rochester, jimbo la New York, watu 19 waliota vipele visivyopona kwenye tatuu zao. Fundi alikuwa msafi. Wino wa kijivu, uliozimuliwa kiwandani, ndio uliokuwa na bakteria wa jamii moja na wa kifua kikuu, wanaoishi kwenye maji. Kwa sababu hiyo, ukimwona fundi anapunguza ukali wa wino mweusi kwa maji ya bomba, inuka uondoke. Maji ya kuzimulia lazima yawe yametakaswa hadi hakuna kijidudu hata kimoja, na maji ya kunywa ya chupa hayafikii kiwango hicho.

Kuhusu piko, yaani hina nyeusi, nitasema kwa ufupi, maana watu huitumia kama jaribio kabla ya tatuu. Hina halisi ni ya kahawia au rangi ya machungwa. Nyeusi ti inayokolea ndani ya saa moja kwa kawaida imechanganywa na kemikali ya rangi za nywele iitwayo PPD, ambayo haikukusudiwa kupakwa kwenye ngozi. Inaweza kuchoma hadi malengelenge, na mzio wake ukishaingia hukaa maisha yote, ukikunyima hata rangi ya kawaida ya nywele.

Vifaa. Virusi vya homa ya ini aina B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, kwenye tone kavu la damu usiloliona. Hii ndiyo sababu sindano lazima itoke kwenye pakiti inayofunguliwa mbele ya macho yako, wino umiminwe kwenye vikombe vidogo vya kutupwa, na kilichobaki kisirudishwe chupani. Glovu zibadilishwe kila fundi anapogusa simu au kiti. Kifaa kinachotumika tena kinatakiwa kipite kwenye otoklevu, mashine ya mvuke wenye shinikizo na joto la nyuzi 121 au zaidi kama ya hospitalini. Kuchemsha kwenye sufuria au kufuta kwa spiriti hakutoshi. Homa ya ini B ina chanjo. Watoto wetu huipata kliniki, lakini wengi waliozaliwa kabla ya mwaka 2000 hawakuipata. Kamilisha dozi zako kwanza.

Mwenye kisukari kisichodhibitiwa, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, mwenye tatizo la vali za moyo, mwenye kinga dhaifu: azungumze na daktari kwanza. Mjamzito asubiri ajifungue. Jihadhari pia na krimu za ganzi zinazouzwa mitandaoni. Zenye lidokeini nyingi, zikipakwa sehemu kubwa na kufunikwa na plastiki, huweza kuvuruga mapigo ya moyo na kuleta degedege. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo hilo mwaka 2024.

Ukishachorwa una kidonda wazi. Kioshe taratibu kwa maji safi na sabuni isiyo na manukato, usibandue magaga, usianike juani. Na wakazi wa Mombasa, Tanga na Unguja, msiingie baharini kwa wiki tatu hivi. Mwaka 2017 jarida moja la kitabibu la Uingereza lilieleza kisa cha mwanamume wa miaka 31, mgonjwa wa ini, aliyeogelea Ghuba ya Mexico siku 5 baada ya kuchorwa mguuni. Bakteria wa maji ya chumvi waliingia kwenye damu, na baada ya miezi miwili hivi hospitalini alifariki. Wekundu unaosambaa, usaha, homa au maumivu yanayoongezeka baada ya siku ya tatu ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Wapo wanaojifariji kwamba leza itafuta. Leza huivunja rangi vipande ambavyo mwili hubeba kidogo kidogo, kwa vipindi vingi vyenye wiki 6 hadi 8 kati yake, na jumla ya gharama mara nyingi huzidi ya mchoro. Kwenye ngozi nyeusi miale isiyochaguliwa vizuri hushambulia melanini pia na kuacha mabaka meupe. Iliyo salama zaidi kwetu ni ile ya nanomita 1,064, na hiyo hufuta nyeusi vizuri lakini rangi nyingine nyingi huishinda. Kijana anayetamani kujiunga na Jeshi la Polisi Tanzania naye akumbuke kuwa matangazo ya ajira hizo humtaka mwombaji asiwe na alama ya kuchora mwilini.

Siku ya kuchorwa piga picha ya kila chupa ya wino itakayotumika: jina, rangi, namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi. Itunze. Uvimbe ukijitokeza baada ya mwaka au miaka mitano, muone daktari wa ngozi na usimrudie fundi akuchore juu yake. Kwa walio kaskazini mwa Tanzania, KCMC Moshi ina kituo cha kanda kinachofundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Huko wataulizia kilichokuwa ndani ya wino huo, na fundi aliyekuchora huenda atakuwa amekwisha kuhama.