Majina Nayo Yanahama

Musomaji mupenzi, pengine wewe uko Kamituga ao Misisi, karibu na shimo la zahabu, na unajiuliza: muchungaji wa Sange ana neno gani la kuniambia juu ya ordinatere? Vumilia kidogo. Neno hili si la wataalamu peke yao. Ni neno la majina: jina lako, jina la bibi yako, jina la mutoto uliyemuacha nyumbani.

Sisi watu wa Sange tunajua uzito wa lista. Tarehe 2 Julai 2010, kamyo ya kubeba mafuta ilipinduka hapa kwetu, katika barabara ya Bukavu na Uvira. Mafuta yalimwangika, watu walikaribia, na wengine walikuwa ndani ya nyumba wakitazama mupira wa Kombe la Dunia. Moto ukashika. Watu zaidi ya 230 walikufa. Wengi waliungua mupaka sura zao hazikujulikana, wakazikwa pamoja. Siku kama ile watu hawaulizi tu: "Wamekufa wangapi?" Wanauliza: "Nani hayuko?" Na hauwezi kujua nani hayuko kama haukuandika nani alikuwako.

KUTOKA KAYE MUPAKA ORDINATERE

Kanisa letu liliandika majina katika kaye kwa miaka mingi. Lakini kaye inalowa mvua, panya wanaikula, na mutu akikimbia hana mikono ya kuibeba. Ndiyo maana vijana wetu waliingiza majina katika ordinatere, kwa programu ya bure inayoitwa Base. Base ni sehemu ya LibreOffice, iliyozaliwa mwaka 2010 kutoka OpenOffice.org. Haiombi hata franka moja.

Uifikiri kama kabati lenye sanduku mbili. Katika sanduku la kwanza kuko nyumba: namba ya nyumba, kartie, jina la mwenye nyumba, namba ya simu. Katika sanduku la pili kuko watu: jina, tarehe ya kuzaliwa, na namba ya nyumba anamolala. Ile namba ndiyo kamba inayofunga mutu na nyumba yake. Hauandike jina la baba mara saba juu ya watoto saba. Unaliandika mara moja tu.

Lakini ukipeleka lista kwa watu wengine, ku santé ao ku masomo, wengi hawajui kufungua Base. Wanaomba Excel. Excel, na ndugu yake wa bure Calc, ni kama ukurasa mumoja mukubwa wa kaye, wenye mistari na kolone. Hapo majina yanapaswa kuhama. Na kila mutu wa kwetu anajua: katika kuhama, vitu vinapotea njiani.

MAMBO YALIYOTUPATA

Mwaka fulani mvua ilivunja nyumba nyingi. Shirika moja likaomba lista ya watu wetu, tena kwa haraka. Kijana wa biro alifanya kazi usiku mumoja, asubuhi akaniambia: "Muchungaji, yote imepita, iko sawa." Nilifurahi, nikatuma.

Siku ya kugawa vitu, mama muzee mumoja alikuja kwangu. Hakulia, hakutukana. Aliniuliza tu: "Muchungaji, wajukuu wa wengine wameitwa. Wangu hawakuitwa. Sisi hatuko watu wa hapa?"

Tulirudia ordinatere. Katika Base kulikuwa watu 412. Katika lista tuliyotuma walifika 397. Watu 15 walikosa, na karibu wote walikuwa watoto. Walikuwa wale ambao mama amekufa, baba ameenda ku machimbo, leo wanalala kwa shangazi, kesho kwa bibi. Kwa sababu hatukujua tuwaandike katika nyumba gani, tuliacha nafasi ya namba ya nyumba wazi. Kijana alipoambia mashine iunganishe sanduku mbili, ilichukua tu watu wenye namba ya nyumba. Wasiokuwa nayo iliwaacha kimya, bila kupiga kelele.

Ndugu, mashine haikuwa na kosa. Ilifanya kazi tuliyoiomba. Sisi ndio hatukuhesabu.

NAMNA YA KUHAMISHA VIZURI

1. Fanya kwanza kopi ya fishie nzima, uiweke ku kle. Usifanye kazi juu ya ile moja uliyo nayo.

2. Hesabu. Fungua sanduku la watu ndani ya Base, ufinye mushale unaokupeleka ku mustari wa mwisho, alafu usome hesabu chini. Mbele ya kufika mwisho, hesabu inaweza kuwa na nyota pembeni: maana yake mashine haijamaliza kuhesabu. Andika ile hesabu ku karatasi, kwa biki.

3. Unganisha sanduku mbili kwa njia ya rekete, ni kusema ulizo. Ukihamisha sanduku la watu peke yake, katika Excel utaona "nyumba 27", na hakuna atakayejua 27 ni kwa nani. Katika rekete, gonga mara mbili juu ya mustari unaofunga masanduku. Mashine itakuonyesha namna mbalimbali za kuunganisha, na inaeleza kila moja. Chagua ile inayochukua mistari yote ya sanduku la watu, hata wasiokuwa na nyumba. Hapo ndipo wale watoto wetu 15 walipotelea.

4. Chunga rekete. Kisha, katika dirisha la Base, fanya kopi ya ile rekete, ufungue Calc, uibandike katika kazi ya kwanza kabisa juu, upande wa kushoto. Ukichunga fishie, chagua aina ya Excel yenye mwisho wa xlsx.

5. Hesabu tena. Kama ulitoka na 412, ufike na 412. Kama sivyo, usitume.

MITEGO MINGINE

Angalia namba za simu. Namba zetu zinaanza na zero, lakini mashine ikizani ni hesabu ya kawaida, inatupa ile zero. Feza ya simu haitafika kwa namba iliyokatwa kichwa. Weka kolone ya simu kuwa maandishi, si hesabu.

Angalia tarehe pia. 3/7 kwetu ni tarehe 3 ya mwezi wa 7. Kwa ordinatere iliyopangwa kama ya Marekani ni tarehe 7 ya mwezi wa 3. Mutoto anaweza kuzeeka miezi mine kwa usiku mumoja.

Usizani ni sisi tu wa kijijini tunaopotewa. Uingereza, mwaka 2020, katika ugonjwa wa Korona, majina ya wagonjwa yalihamishwa katika fishie za Excel za zamani, zile za xls, ambazo haziwezi kupita mistari 65,536. Zilipojaa, mengine yalibaki inje. Wagonjwa 15,841 hawakuingia katika hesabu kwa wakati wake, na watu waliokaa karibu nao walichelewa kuambiwa. Kama ingekuwa kolera hapa Uvira, unajua mwenyewe siku mbili zinaweza kufanya nini.

Katika Ezra sura ya 2 kuko watu waliorudi kutoka uhamisho, wakatafuta majina ya jamaa zao katika kitabu, wasiyapate, wakaondolewa katika kazi ya ukuhani. Lista si karatasi tu. Inaweza kumufungia mutu mulango.

Wale 15 tuliwaandika upya. Yule mama muzee alikuja, nikamusomea majina ya wajukuu wake moja kwa moja. Alitikisa kichwa kwa kila jina, kama anayehesabu kuku jioni. Tangu siku ile, hakuna lista inayotoka katika biro yetu bila watu wawili kuihesabu.

MASWALI YA KUZUNGUMUZA NYUMBANI

1. Wewe baba uliye ku machimbo: mutoto wako ameandikwa katika nyumba ya nani?

2. Katika kanisa lenu, ku santé ao ku masomo, nani anahesabu majina mbele na nyuma ya kuyahamisha?

3. Nani katika kartie yenu hana namba ya nyumba? Muanze na huyo.