Kiuno kinachouma mpaka mguuni: Si ngiri, wala si uvivu

Katika nyumba zetu nyingi yupo mtu ambaye kiuno chake "hakijapona". Huenda ni baba aliyekuwa akipakia magunia ya lumbesa sokoni, au mama aliyeteleza na ndoo ya maji kichwani. Miaka imepita, hana kovu wala gongo, lakini akikaa kidogo maumivu huanzia kiunoni, yakapita kalioni, yakateremka nyuma ya paja mpaka wayo. Wengine humwambia ana ngiri, wengine figo. Wasio na subira humwita mvivu.

Kiuno kina pingili 5. Kati ya pingili na pingili ipo diski, mfano wa kijimto kigumu pembeni na laini katikati. Mtu akinyanyua mzigo mzito huku amejipinda, ukuta wa diski huweza kupasuka, ule ulaini ukachomoza nyuma na kubana mzizi wa neva. Mizizi hiyo huungana na kufanya neva ya sayatiki, nene kuliko zote mwilini, karibu na unene wa kidole kidogo cha mkono. Ndiyo maana jeraha liko kiunoni lakini anayelia ni mguu. Maumivu ya figo hayafiki kwenye wayo.

Wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 bila kupasuliwa. Lakini neva iliyobanwa sana au kwa muda mrefu huweza isirudi kama ilivyokuwa. Hubaki ganzi, au wayo unaoburuta chini, kandambili inachomoka na mwenyewe hana habari. Huo ni ulemavu, hata kama eksirei imetoka safi. Eksirei huonyesha mifupa. Diski na neva huonekana kwa kipimo cha MRI. Aliyeumia akiwa katika ajira Tanzania Bara aulizie haki yake Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015.

Kulala kitandani kutwa si dawa, kwani misuli hunyauka. Atembee kidogo kidogo na abadilishe mkao mara kwa mara. Beseni la kufulia liwekwe juu ya meza, jiko liinuliwe juu ya matofali, maji ya ndoo moja yagawanywe katika madumu mawili madogo. Na ule mtindo wa kuwaambia watoto wamkanyage babu mgongoni, uacheni. Vidonge vya diklofenaki navyo hununuliwa kama pipi, ilhali vikimezwa miezi kwa miezi huchubua tumbo na kudhuru figo, hasa za mzee. Anayevihitaji kila siku amuone tabibu kabla ya Ramadhani kuingia.

Choo cha kuchuchumaa ni mtihani mkubwa. Seremala anaweza kutengeneza kiti chenye tundu katikati, kiwekwe juu ya choo, pamoja na mbao imara ukutani ya kushikilia. Mpira wa maji husaidia kustanji bila kujipinda. Asiyeweza kujifikia asaidiwe na mkewe au mumewe, wala si aibu. Miguu ya udhu aioshe akiwa amekaa, na hapo hapo aichunguze kisigino na katikati ya vidole, maana mguu wenye ganzi huchomwa na msumari au maji ya moto usihisi.

Katika swala, sheria ni nyepesi kuliko watu wanavyoifanya. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza Imran bin Huswayn (r.a.), naye ni mgonjwa, aswali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Anayeweza kusimama lakini hawezi kurukuu wala kusujudu, asimame katika kisimamo, kisha akae kitini na kuinama, sijda iwe chini zaidi ya rukuu. (Anayekaa kitini tangu takbira, na sokoni husimama saa nzima akipatana bei, huyo ajihesabu mwenyewe.) Ambaye neva zake zimemwachia mkojo unaovuja daima, kwa madhehebu ya Shafi hujisafisha, huweka kitambaa, hutawadha baada ya wakati kuingia na kuswali faradhi yake, ingawa mkojo unatoka.

Hayo ni kwa aliyekwisha kupimwa. Ikiwa mkojo umeanza ghafla kugoma au kuvuja, haja kubwa inatoka bila kujijua, ganzi imeingia sehemu za siri na zile zinazogusa tandiko la baiskeli, au miguu yote miwili inalegea, usiende kuchuliwa wala kupigwa chuku. Neva hizo hungoja saa, hazingoji wiki. Nenda hospitali kubwa usiku huo huo, hata ukiwa usiku wa Idi.