Kutoka Them Mushrooms hadi Uyoga

Bendi ya Them Mushrooms, iliyoundwa Mombasa mwaka 1972, baadaye ilijiita Uyoga. Atazamaye jina pekee atadhani kwamba hapo ndipo ilipouingia Uswahili. Nyimbo zake zakanusha. "Jambo Bwana" ya mwaka 1982 iliimbwa kwa Kiswahili chini ya jina la Kiingereza, nacho kilikuwa Kiswahili cha kumwamkia mgeni. Mageuzi ya ndani zaidi yalionekana bendi iliposhirikiana na mkongwe Fundi Konde, na ilipopiga taarab pamoja na Malika: hapo msikilizaji aliyekusudiwa ni mwenyeji ajuaye mafumbo. Basi mchunguzi wa lugha ya muziki asiulize tu wimbo umeimbwa kwa lugha gani. Aulize pia unamsemesha nani.