VPN ya Bwera na Kasese ikigoma, kagua seva kwanza

Lori likisubiri karatasi mpakani Mpondwe, wakala wa Bwera asiyeweza kufungua mafaili ya ofisi ya Kasese hulaumu mtandao wa simu. Mara nyingi tatizo liko kwenye seva ya VPN, ile njia ya siri inayounganisha ofisi hizo mbili.

Kwa seva ya Linux yenye WireGuard, fundi aandike amri wg show. Asipoona mstari wa latest handshake, mashine hazijawasiliana: afungue poti 51820 ya UDP kwenye faiawoli. Ila seva iliyounganishwa kwa modemu ya simu kwa kawaida huchangia anwani moja na wateja wengine, hivyo haifikiki kutoka nje hata poti ikifunguliwa. Hapo ni kukodi seva ndogo yenye anwani yake ya kudumu.

Mstari ukionekana lakini kompyuta nyingine za Kasese hazifikiki, net.ipv4.ip_forward iwe 1. Ujumbe mfupi ukipita huku ankara zilizoskaniwa zikikwama, MTU ishushwe kutoka 1420 hadi 1280. Hili mafundi wengi hulisahau.

Intaneti yenyewe ikizimwa, kama Uganda Januari 2021, VPN haina pa kupita. Nakala za karatasi zibaki Bwera.