Kovu Moyoni, Fununu Damuni

Mwaka 1998, Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 45 wenye mpapatiko wa atiria, yaani vyumba vya juu vya moyo kutetema ovyo badala ya kusukuma damu. Walipozifuata cheche za umeme zinazouanzisha mtetemo, walikuta asilimia 94 zinatokea kwenye vena zinazoleta damu kutoka mapafuni. Hapo ndipo ilipozaliwa ablesheni ya leo: mrija mwembamba hupenyezwa kupitia mshipa wa kinenani hadi moyoni, na tishu inayozunguka midomo ya vena hizo huchomwa au kugandishwa, ili kovu liuzuie umeme usivuke.

Lakini mpapatiko hurudi kwa wagonjwa wengi, na si kwa sababu moja. Wakati mwingine kovu limebaki na mwanya, kama boma lililosahauliwa mwiba mmoja, na umeme unapita. Wakati mwingine kovu ni zima ila atiria yenyewe imekwisha kuchakaa: imetanuka, imejaa nyuzi ngumu, na cheche zinazuka kwingine. Mjini Maastricht, watafiti walionyesha mwaka 1995, kwa kutumia mbuzi, kwamba moyo uliolazimishwa kupapatika huzidi kuwa mwepesi wa kupapatika tena.

Tofauti hiyo ndiyo inayosahaulika pindi tunapoahidiwa kipimo cha damu cha kutabiri nani atarudiwa. Damu iliyotolewa kabla ya ablesheni haiwezi kujua kama daktari ataacha mwanya. Inachoweza kueleza ni hali ya tishu tu.

Na hata hilo inalieleza kwa kigugumizi. Chukua BNP, homoni iliyogunduliwa na watafiti wa Japani mwaka 1988 katika ubongo wa nguruwe, ingawa kiwanda chake kikuu ni moyo uliovutwa na shinikizo la damu iliyomo ndani yake. Tafiti nyingi zimekuta kwamba wenye BNP nyingi kabla ya ablesheni hurudiwa zaidi. Ila BNP hupanda pia kwa uzee na kwa ugonjwa wa figo, na hushuka kwa wanene, hali unene wenyewe huchochea mpapatiko! Kiashiria cha uvimbe mwilini, CRP, nacho hupanda kwa maambukizi yoyote, na baada ya ablesheni hupanda kwa sababu moyo umetoka kuchomwa. Protini ya galektini-3 hufuatana na ukakamavu wa tishu, lakini haisemi ni tishu ya moyo, ya ini au ya figo.

Ndiyo maana mimi naitazama kwa hamu zaidi protini iitwayo BMP10. Kwa mtu mzima hutengenezwa hasa katika atiria, na mwaka 2020 timu iliyohusisha watafiti wa Birmingham, Uingereza, iliihusisha na kurudi kwa mpapatiko baada ya ablesheni. Shahidi huyu angalau anaishi kwenye nyumba iliyotokea tukio.

Picha za MRI zimefika mbali zaidi kuliko vipimo vya damu. Utafiti wa DECAAF wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba waliokuwa na nyuzi ngumu kidogo kabisa walirudiwa kwa takriban asilimia 15 ndani ya mwaka mmoja. Waliokuwa nazo nyingi kabisa, asilimia 51. Ikaonekana dawa ni kuzichoma nyuzi zenyewe. DECAAF II ilijaribu, na matokeo ya mwaka 2022 yakaonyesha kwamba hakukuwa na nafuu ya ziada.

Basi BNP ikiwa juu kabla ya ablesheni, faida yake ya kwanza ni kumsukuma daktari atafute yanayotibika: moyo kushindwa kazi, shinikizo la juu la damu, kukatika pumzi usingizini. Kiashiria kizuri baada ya ablesheni, kwa upande mwingine, hakimpi mgonjwa ruhusa ya kuacha dawa za kuzuia damu kuganda. Uamuzi huo hutegemea hatari yake ya kiharusi: umri, kisukari, presha na kama amewahi kupooza.